Mwali Asiyetaka Kutoka

Watu wakisikia kwamba wasichana wa zamani kwetu Uluguru walifungiwa ndani baada ya kuvunja ungo, hunionea huruma. "Pole, bibi, uliteseka!" Niliteseka wapi? Mimi nilinona! Nililetewa ndizi za kuchemsha, maharage yaliyoungwa kwa karanga, na uji wa asubuhi kabla sijamaliza kupiga miayo. Sikuteka maji, sikuokota kuni, sikupanda mlima na mzigo kichwani. Kazi yangu ilikuwa kusuka ukili, kupakwa mafuta ya nyonyo na kumsikiliza kungwi wangu, mama mmoja mkali mwenye sauti ya kukwaruza, mdogo wake bibi. Kuingia ndani hakukunisumbua hata kidogo. Kilichonitoa jasho ni kutoka.

Ngoja niwaeleze nyinyi mliozaliwa juzi. Msichana akishavunja ungo aliitwa mwali, akakaa nyumbani kwao gizani mpaka wakubwa waone ameiva mwili na akili. Haonekani na wanaume, hapazi sauti. Akitaka kitu anagonga ukuta. Kisha siku inapangwa, pombe inapikwa, ngoma inapigwa, naye anabebwa mabegani hadi uwanjani, watu wamwone kwamba yule mtoto waliyemjua hayupo tena. Mimi nililelewa na bibi mzaa mama, maana mama alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nyumba yetu ilikuwa juu, upande wa mlima unaotazama Morogoro, na ndimo nilimowekwa.

Nilipoingia, Wadachi walikuwa na boma lao kule chini, lakini reli ilikuwa maneno tu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa akija jioni kuongea na bibi ng'ambo ya kiambaza, nami nikitega sikio. Alisema chuma kinatandikwa chini kutoka pwani, na juu yake litapita gari linalokula kuni na kutoa moshi. Bibi akamwambia apunguze pombe.

Halafu siku moja nikalisikia lenyewe. Mlio mrefu ulipanda kutoka bondeni ukaingia hadi chumbani kwangu. Mama wee! Bakuli la uji liliniponyoka, nikajifunika mkeka mpaka kichwani, na kungwi, ambaye hakuwahi kuogopa mtu, akaja tukajifunika wote. Baadaye tulizoea. Ikafika mahali nikawa nausikia mlio ule kama jirani anayekohoa.

Ukutani kulikuwa na tundu, udongo ulikuwa umebanduka, na kupitia hapo niliona kipande cha njia na shina la mgomba. Siku moja akapita rafiki yangu, yule niliyekuwa nikiteleza naye mtelemkoni juu ya magome ya migomba mpaka tukararua nguo. Alikuwa ameshatolewa nje, ameshaolewa, na tumbo linamtangulia. Mwingine alikwenda misheni kwa mapadri, akawa anapita akiimba kwa lugha nisiyoielewa. Vijana walikuwa wanashuka Kilakala na kuingia mjini, wakirudi na kofia na maneno mapya. Walisema "stesheni", wakasema "rupia", wakawataja Wahindi wenye maduka kana kwamba ni wajomba zao. Nikaona dunia niliyoiacha nje haikunisubiri. Kila ilivyozidi kwenda mbele ndivyo nilivyozidi kurudi nyuma ya kiambaza.

Basi nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa. Niliingia mle nikiwa mtoto mwenye magoti yenye makovu, nikijua kila jiwe la kijiji. Sasa niliona nikitoka nitakuwa mgeni kwetu kwenyewe. Ndani nilijua kila kitu kilipo. Mtungi hapa, kitanda pale, bibi akikohoa ni alfajiri.

Kilichokuwa mbele yangu ni shamba. Kwetu ardhi hupita upande wa kike: kutoka kwa bibi ilipaswa kwenda kwa mama, na mama hakuwepo, kwa hiyo ni mimi. Lilikuwa shamba zuri mgongoni mwa kilima, udongo mweusi, maharage, mahindi na migomba ukingoni. Lakini mwali hakabidhiwi shamba mpaka atoke, acheze mbele ya watu. Na bibi magoti yalikuwa yamemgomea. Msimu uliopita nusu ya shamba ilikuwa nyasi. Jioni moja mjomba alikuja, akasema wazee wa ukoo wamekutana. Shamba lisipopata mtu wa kulilima mvua za vuli zinazokuja, wataikabidhi nyumba nyingine ya ukoo wetu shamba hilo.

Kesho yake bibi akapanga siku ya kunitoa. Nikagonga ukuta.

"Bibi, mimi sitoki."

"Hutoki?"

"Sitoki."

"Ala! Unataka uzeekee humo humo, mke mwenzangu? Basi na mume nikupitishie kwenye tundu?" Bibi alikuwa akiniita mke mwenzake, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

Kungwi hakuona utani wowote. "Mficha uchi hazai!" akafoka. "Nimekufundisha mpaka koo limekauka, leo unasema hutoki? Maji umeshayavulia nguo, utayaoga!"

Bibi akamtuma kungwi akaangalie kuku. Nje mvua ilikuwa inanyesha, kuku wote walikuwa ndani, lakini kungwi akaelewa akatoka. Bibi akaketi kando yangu polepole, akishika ukuta.

"Unaogopa nini?"

"Kila kitu. Watanitazama. Mikono yangu imekuwa laini kama ya mtoto mchanga, shamba nitalilimaje? Wenzangu wote wamebadilika. Na kule chini kuna gari moshi."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akawa anasugua magoti yake. "Mimi nimechoka, mwanangu," akasema. "Lile shamba alililima mama yangu. Sipendi litutoke nikiwa hai, nikiangalia." Sikuwahi kumsikia bibi akisema amechoka. Hata akiugua husema amepumzika. Nikamjibu "Haya, bibi," lakini nilikubali kwa mdomo tu.

Siku zikapita kwa kusaga na kupika pombe. Kungwi akanirudishia miiko yote. Kichwa chini. Mdomo umefungwa. Na mkubwa kuliko yote: ngoma hainyamazi mwali akiwa nje. Ikinyamaza kabla hajamaliza kucheza, ni nuksi, anafunikwa na kurudishwa ndani mpaka mavuno mengine yapite. Mniwie radhi, nilipousikia mwiko huo moyo wangu uliruka kwa furaha. Niliwaza labda ngozi ya ngoma itapasuka. Labda mvua itanyesha ngoma zilowe. Bibi yangu alikuwa nje anapepeta ulezi kwa ajili yangu, nami ndani naombea ngoma ipasuke!

Lakini bibi hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliagiza wapiga ngoma kutoka ng'ambo ya mlima, watu waliosifika kwamba wanaweza kupiga toka jua linachomoza hadi linazama bila kupumzika. Mkubwa wao alikuwa jitu la miraba minne, mikono minene kama michi. Nilipomchungulia tunduni nikakata tamaa. Huyu hanyamazi, nikajiambia.

Siku ikafika. Walinifunga njuga miguuni, wakanipaka mafuta nikang'aa, wakanifunika kaniki mpya. Mjomba akainama mlangoni, nikapandishwa mabegani kwake. Akainuka, akayumba, akainuka tena.

"Jamani, mlikuwa mnamlisha nini huyu?"

"Nyamaza, beba!" kungwi akamwambia.

Mwanga wa nje ulinichoma macho mpaka machozi yakanitoka. Nilisikia vigelegele, nikasikia harufu ya majani mabichi na ya pombe, na ngoma zilikuwa zinanguruma hadi tumboni mwangu. Mjomba akanishusha juu ya mkeka katikati ya uwanja. Kaniki ikaondolewa. Nikainamisha kichwa, nikaanza kucheza kama nilivyofundishwa, hatua ndogo ndogo, nikiona miguu ya watu tu. Sijawahi kuona miguu mingi kiasi kile. Kila mguu niliona kama unanicheka.

Nilikuwa sijafika hata katikati ya mchezo wenyewe, gari moshi likalia kule chini.

Sisi wa upande huu hatukugeuza hata shingo. Tulishalizoea. Lakini nani aliyekumbuka kuwaambia wageni? Kule kwao ng'ambo mlima wote unaziba, hawajawahi kulisikia. Ule mlio ulipopanda bondeni, wapiga ngoma walitazamana mara moja tu. Loo! Ngoma zikabingirika huku, wao wakatimka kule. Mmoja aliruka ua. Mwingine alipotelea migombani. Na lile jitu la miraba minne liliingia chini ya ghala la mahindi, likabaki limetoa visigino nje.

Uwanja ukawa kimya kabisa.

Nilichokiomba ndicho kilichotokea. Kungwi alikuwa ameshaiokota kaniki anakuja kunifunika, uso umemsawijika. "Rudini naye ndani," akasema kwa sauti ndogo, na kwake sauti ndogo ilikuwa jambo la kutisha. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi nyuma yangu. Kulikuwa na giza langu mle, na kitanda changu, na uji. Nilitakiwa kusimama tu, nifunikwe.

Nikatupa jicho pembeni. Bibi alikuwa anajaribu kuinuka kwenye kigoda chake. Alikuwa anaitazama ngoma iliyoanguka karibu yake, anataka aende akaipige mwenyewe. Alishika fimbo, akajisukuma, magoti yakakataa. Akajisukuma tena, yakakataa. Hakumwita mtu wala hakulia, aliendelea kujisukuma vile vile na mkono mmoja ameunyosha kwenye ile ngoma asiyoifikia.

Mguu wangu ukapiga chini wenyewe. Chwa! Njuga zikalia. Nikapiga wa pili. Chwa! Nikapiga ule mdundo wa lile jitu, nikiutwanga kwa nyayo kama mtu anayetwanga mahindi, chwa-chwa, chwa-chwa-chwa. Nyayo zangu laini ziliniuma kweli kweli. Nikainua kichwa.

"Inamisha kichwa!" kungwi akanifokea.

"Ngoma haijanyamaza!" nikamjibu kwa sauti, mbele ya watu wote, mimi mwali.

Watu wakaguna. Nilikuwa nimevunja miiko miwili kuokoa mmoja. Kungwi alibaki mdomo wazi, kaniki mkononi, akiniangalia miguu. Kisha bibi, pale pale alipokaa, akapiga kigelegele kirefu kilichopasuka katikati kwa kicheko. Yule rafiki yangu mwenye tumbo akaanza kupiga makofi kwa mdundo wangu. Wanawake wengine wakaingia, makofi yakajaa uwanja mzima. Mwishowe kungwi akajifunga ile kaniki kiunoni mwake mwenyewe, akasema, "Njuga ni ngoma, nani amekataa?" akaja kucheza kando yangu. Hakuna aliyekataa. Nani angethubutu?

Wapiga ngoma wakarudi mmoja mmoja, wenye haya, nywele zimejaa utando wa buibui. Watani waliwakamata hapo hapo: "Kunguru waoga, hukimbiza mabawa yao!" Lile jitu likaokota ngoma yake, likauliza kwa upole, "Mnyama gani yule?"

Wote wakacheka, nami ndiye niliyemjibu. "Si mnyama, baba. Ni gari moshi. Linaleta watu kutoka pwani, linakunywa maji pale Morogoro, na halipandi mlima." Nilimweleza linapita saa ngapi na linalia vipi likifika na vipi likiondoka. Watu wakapigana makumbo. Mwali aliyefungiwa gizani anamfundisha mwanamume mzima habari za dunia! Wakati nasema hayo nikagundua sikuwa mgeni hata kidogo. Nilimjua kila mtu aliyesimama pale kwa sauti yake, kwa kikohozi chake, kwa anavyoburuta miguu akipita njiani. Walikuwa wamebadilika, nami nilikuwa nimebadilika, tukatazamana na kucheka.

Nilicheza hadi jua lilipokuwa linaelekea kuzama upande wa Mlali. Mjomba akaja, akainama tena ili anibebe kurudi, huku akiguna mapema.

"Inuka, mjomba," nikamwambia. "Nitatembea."

Sijaona mtu aliyefurahi kuliko yeye.

Asubuhi yake bibi aliniamsha, akanipa jembe. Tulitoka wote wawili, umande bado majanini, mimi nyuma yake kama tulivyokuwa tukienda tangu nilipojua kutembea, macho yangu kwenye visigino vyake. Nyayo zilikuwa zinaniwaka, na viganja nilijua vitafuata. Tulipofika pale njia inapoacha nyumba na kuanza kupanda shambani, bibi akasimama. Nikadhani ni magoti. Akasogea pembeni, akaingia kwenye nyasi, akaniachia njia.

"Pita," akasema.

Sikupita mara moja. Mbele yangu sikuwa na kisigino cha mtu wa kukifuata. Nikashika jembe vizuri, nikampita, nikaanza kupanda, na nyuma yangu nikamsikia anacheka huku anahema.

"Taratibu basi, mwenye shamba! Mimi mzee."