Mshonaji wa Zimwi

Mke wa Nguzo hakuwahi kuota kushonea mazimwi. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule na mapazia, mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali zaidi ya sindano zake, na angezeeka hivyo kama mumewe asingerefuka kupita kiasi. Urefu huo ndio uliomtoa Nguzo kwenye tanuri la mikate. Watu wa filamu walimwona akiinama kupita mlangoni, wakasema, "Huyu huyu!" Wakahitaji na mtu wa kumshonea ngozi ya zimwi atakayoivaa. Basi, mke akafuata.

Katika filamu ya kwanza zimwi lilitumbukia bwawani likafa, na watazamaji wakalia. Kumbe walilipenda! Barua zikamiminika, wakubwa wakaamua lifufuke. Binadamu akifa kafa, lakini zimwi linalojaza ukumbi halizikwi. Ngozi ileile ikatolewa stoo, panya wameila. Mama wa watu akaitia viraka vya mpira mwekundu, wa kijani na wa njano, maana picha zilikuwa nyeusi na nyeupe na kamera haikujali. Shida ilikuwa Nguzo mwenyewe, aliyekwisha kunenepa. Zipu ya mgongoni haikufunga tena, ikabidi kila asubuhi mkewe amshone humo humo ndani, kuanzia kiunoni hadi kisogoni, na jioni amfumue kwa mkasi.

Sasa, ndani ya ngozi ile mtu hasikiki. Hata apige mayowe, nje utasikia mguno, na mguno ndio kazi ya zimwi. Kwa hiyo mume na mke walipatana ishara: pumzi ikimwishia, aweke mkono wa kushoto juu ya kichwa.

Siku ya mwisho zimwi lilitakiwa kufa mara ya pili, kwenye dimbwi la saruji lenye maji ya kiunoni na moshi mzito wa kutengeneza. Katika mazoezi tu Nguzo alizidiwa. Mkono ukapanda kichwani. Mkewe akachomoka na mkasi, lakini mwongozaji wa filamu alikuwa tayari anapiga makofi.

"Mmeuona huo mkono? Hapo watu watalia mpaka basi! Kwenye picha yenyewe uuweke vivyo hivyo, na usiushushe."

"Hayuko kwenye maigizo huyo, bwana," mke alisema, huku akifumua nyuzi za shingoni ili mumewe apate hewa. "Hiyo ni ishara yetu. Anaishiwa pumzi."

"Mama, jua linatukimbia. Ngozi ni moja, ukiikata hatuna nyingine. Atakayekanyaga mbele ya kamera akatafute kazi kwingine, yeye na mumewe."

Nguzo alihema kwenye ule upenyo wa shingoni. "Niache nimalize, mke wangu. Dakika mbili tu."

"Na ukizidiwa tena nitajuaje?"

"Utajua," alisema Nguzo. Wakaitwa, mkewe akamshona upya.

"Tulia, shemeji," mpiga picha alimwambia. "Kufumba na kufumbua imekwisha."

Tulia! Rahisi kusema, mume si wako. Moshi ulitanda, zimwi likaguna, likayumba, likaweka mkono kichwani. Watu wote walitazama ule mkono. Mke alitazama mgongo. Mshono ule alikuwa ameupiga mwenyewe, kila tundu la sindano analijua. Nguzo akivuta pumzi, nyuzi za katikati ya mabega ziliachana kidogo, akiitoa, zikakutana. Zikaachana, zikakutana. Kisha zikakawia.

Kisha zikatulia kabisa.

Labda amebana pumzi ili afe vizuri, mwanaume huyu kwa kupenda sifa! Akimkata naye ni mzima, wote wawili wamekosa kazi. Mkono bado uko juu. Mshono haujasogea.

"Potelea mbali!" akasema, akajitosa majini na gauni lake, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Alikita mkasi chini ya kisogo, akapasua hadi kiunoni. Zimwi likamwangukia. Akaitoa kwa nguvu ile sura ya mpira, akakuta uso wa mumewe umegeuka rangi.

"Vuta pumzi, we mwanaume! Vuta, nitakuua mwenyewe baadaye!"

Alimpiga kofi la kwanza, la pili. La tatu Nguzo akakohoa, na mkewe akaangua kilio mbele za watu bila haya. Mpiga picha, kwa kupigwa na butwaa, alikuwa amesahau kuzima kamera.

Ngozi ilikuwa matambara, hapakuwa na kurudia. Wakatumia walichokuwa nacho, hadi pale zimwi lilipoanguka, na mwongozaji akawaambia waandishi wa magazeti kwamba yote aliyapanga tangu mwanzo. Macho makavu!

Filamu ilipotoka, mume na mke walikwenda kuitazama mchana, wakakaa safu ya nyuma. Mwisho ulipofika, mwanamke aliyelowa alitokea ndani ya moshi, akalichoma zimwi mkasi mgongoni. Ukumbi mzima ulisimama. Vigelegele, miluzi, viti vinagongwa.

"Lichome!" mama mmoja mbele yao alipiga kelele. "Lichome tena, lisifufuke!"

Mke wa Nguzo alishindwa kutazama. Alipenyeza mkono ndani ya shati la mumewe, akauacha pale kifuani, unapanda na kushuka, mpaka taa zilipowashwa.