Mwisho wa Kitabu Uko Kaloleni

Ni Jumamosi asubuhi. Selpha Aoko ana sketi ya sare ya shule chini ya sindano ya cherehani wakati msichana mmoja anaposimama mbele ya baraza lake, mtaani Kaloleni, Kisumu, amekumbatia kitabu kilichochakaa.

"Mama, nimetumwa na watu wa laibrari."

"Umefika wapi?"

"Pale Akeyo anabisha mlango."

"Haya, kaa kwa benchi. Nimalize hii pindo kwanza."

Msichana anaketi. Hajui, maskini, kwamba hapewi mwisho kabla ya kuulizwa swali.

"Ungekuwa wewe," Selpha anasema bila kuinua macho, "ungengoja mlango ufunguliwe, ama ungerudi stesheni?"

Selpha, mwenye umri wa miaka 52, ndiye aliyetunga kitabu hicho, Aliyeshuka Kibos. Ni hadithi ya Akeyo, ambaye mumewe anashuka garimoshi kituo kimoja kabla ya nyumbani, na nyumbani hafiki; Akeyo anamfuata hadi mlango wa mwanamke mwingine. Kilichapishwa mwaka 1981 na kampuni ndogo ya Nairobi ambayo ilishafungwa. Nakala yake mwenyewe aliiazima shemeji yake, akaenda nayo Mwanza. "Na nasikia hata yeye aliazimisha," anasema, akicheka kwa uchungu.

Imebaki nakala moja tu, katika maktaba ndogo ya umma mjini. Nayo mtu aliichana kurasa za mwisho.

"Pesa za vitabu vipya hatujaziona mwaka wa tatu sasa," anasema mkutubi, Bwana Joram Wakhisi. "Nikajiuliza, kwa nini nikitupe kitabu na mwandishi mwenyewe yuko hapa Kaloleni? Nikaanza kuwatuma wasomaji kwake."

Mwaka jana, 1992, Selpha alisikia kwenye mkutano wa waandishi kwamba kuna nchi ambako mwandishi hulipwa kila kitabu chake kinapoazimwa. Yeye kitabu kilimpa shilingi 1,800, mara moja, akanunua cherehani hii. Januari sare humlisha. Miezi mingine ni kuvumilia.

"Hizo pesa ningechukua, bwana. Usiende kuandika ati nimekataa!" ananiambia.

Lakini kuna kitu alichokitamani kuliko pesa. Kwa miaka tisa hakuna mtu aliyemwambia neno kuhusu kitabu chake. "Unaandika, kinaenda, halafu kimya. Unaanza kufikiri hakuna aliyesoma."

Msomaji wa kwanza kutumwa na Joram alikuwa Mzee Jaswant, muuza vipuri. Alipoulizwa swali alibishana na Selpha mpaka chai ikapoa: Akeyo asikubali kurudi, aingie ndani, aulize! Jioni ile Selpha hakushona kitu. Alikaa tu barazani, akitabasamu peke yake.

Ndiyo maana, Joram alipomwomba aandike mwisho upya ili aubandike kitabuni, alijibu, "Wiki ijayo." Wiki hiyo ijayo imechukua zaidi ya miaka miwili. Joram alidhani ni macho yanayomsumbua. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nikamuuliza.

"Nikiandika," alisema polepole, "nani atakuja tena?"

Kilichombadilisha ni ziara ya Waliaula, mhudumu wa wodi hospitalini Kombewa, aliyekuwa amekiazima kitabu hicho kwa Joram na kuwasomea kina mama jioni. Siku yake ya mapumziko alifunga safari hadi Kaloleni, akakuta cherehani imefunikwa; Selpha alikuwa ameenda matangani Nyakach. Wiki iliyofuata alirudi, na Selpha akamuuliza lile swali lake.

"Mama, hilo si swali langu," Waliaula akamwambia. "Kuna mgonjwa wa presha alikuwa kitanda cha dirishani. Kila jioni ananiuliza, 'Amefungua?' Sasa ameruhusiwa kwenda nyumbani, na hata kwao sikujui."

Akinisimulia haya, Selpha anasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mgonjwa wa watu amepona, na mimi badala ya kufurahi nikataka kulia. Wuololo! Kuna mama mahali fulani huko Kombewa anangoja mlango ufunguliwe, na aliyeufunga ni mimi."

Aliandika siku nne. Anakiri kuwa maneno si yaleyale ya zamani, na hilo linamuuma. Jumatatu atampelekea Joram karatasi zibandikwe, kisha kitabu kiende Kombewa kwanza. Wagonjwa wa presha hurudi kuchukua dawa, Waliaula amemwambia, na atakuwa macho kumngoja yule wa dirishani.

Msichana kwenye benchi ameshaamua. "Mimi ningesukuma mlango," anasema. "Nimuone huyo mwanamke mwingine, na yeye anione!"

Selpha anacheka mpaka miwani inateleza. Kisha anaisogeza sketi kando na kumsimulia mwisho wote, kwa mikono na macho, na msichana anasahau kufunga mdomo. Mwisho wenyewe siutoi hapa. Utakuwa maktabani kitabu kikirudi kutoka Kombewa.

Msichana akishaondoka, Selpha ananionyesha ukurasa wa mwisho. Chini kabisa ameongeza mstari ambao haukuwepo mwaka 1981: "Mwandishi anashona Kaloleni. Ukimaliza, njoo uniambie wewe ungefanya nini."

Anaikunja karatasi, halafu anaikunjua tena.

"Watakuja kweli," ananiuliza, "wakiwa tayari na mwisho wao mkononi?"