Kitenzi Kimoja, Mistari Sita ya Kahawa

Nimerudi nyumbani Nyeri Jumamosi hii nikiwa nimechoka, rafiki yangu, wala sitajifanya. Kazi ya mapokezi katika hoteli kule Nanyuki humaliza miguu kwanza, halafu tabasamu. Nilichotaka ni chai ya shosho, bibi yangu, na usingizi tu. Lakini nilipofika langoni nilisikia msumeno wa mashine ukinguruma shambani, na baba mdogo akaniambia, bila hata kuniangalia usoni, kwamba kahawa inakatwa ili apande maparachichi. Mistari mitano ilikuwa imeshalala chini. Wa sita, ule wa karibu na mto, ulikuwa unangoja Jumatatu.

Shosho anakaribia miaka tisini na macho yake yamekwisha. Baba mdogo alikuwa amemwambia kwamba wanapogoa tu, akaniomba na mimi nisiseme kitu. Nilikubali, kwa sababu nilikuwa mchovu na kukubali ni rahisi. Kisha nikamwona ameketi kwenye kigoda chake kando ya jiko, uso ameuelekeza shambani, na moyo ukaniuma.

Nikueleze kwa nini. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kifaransa, mwanamume mwembamba aliyevaa sweta ileile muhula mzima, alitupa kazi siku ya Ijumaa. Kila mtu achague kitenzi kimoja cha kawaida, na Jumatatu asimame mbele ya darasa akitaje katika ule wakati wao wa jambo lililokuwa limeshakwisha kabla ya jingine kutokea. Nilikuwa nimeokota, ulikuwa umeokota, hivyo hivyo mpaka mwisho. Atakayeshindwa angetolewa Kifaransa na kupelekwa darasa la Kilimo. Nilikuwa nimeshindwa mara mbili tayari, na nilikipenda Kifaransa kama mtoto anavyopenda kitu cha dukani asichoweza kukifikia.

Jumamosi ilikuwa ya kuvuna. Nilimwambia shosho kwamba siwezi, nina kitabu. Nilidhani atafurahi nikihamishiwa Kilimo, lakini alinitazama kwa muda mrefu, jembe mkononi.

"Kilimo nitakufundisha mimi," alisema. "Wewe soma ile mimi siwezi. Hiyo kitabu yako iko na maneno ngapi?"

Nikamwambia ni mistari sita. Akacheka, kwa maana kahawa yetu nayo ilikuwa mistari sita, kuanzia jikoni mpaka mtoni.

Basi tukaanza. Kitenzi changu kilikuwa ramasser, kuokota, kwa sababu ndicho kilichokaribia kazi tuliyokuwa tukifanya. Mstari wa kwanza, kila mti nilioufikia nilisema j'avais ramassé. Wa pili, tu avais ramassé. Wa tatu, il avait ramassé. Mkia wa maneno haukubadilika, ni kichwa tu kilichobadilika, na vidole vyangu vikajua hivyo kabla ya akili. Matunda mekundu yalikuwa yakidondoka kikapuni, umande ukinilowesha mikono ya sweta, na kutoka kiwanda cha kahawa ng'ambo ya mto ilikuja ile harufu kali ya maganda yanayochacha. Shosho alivuna upande wa pili wa mstari. Nikinyamaza tu, sauti yake ilipenya majani.

"Umenyamaza. Sasa nitajua aje uko mti gani?"

Mchana tulikula nduma na chai kutoka kwenye thamosi, kisha tukashuka na nous avions ramassé, halafu vous aviez ramassé, ambao ulinitesa kuliko yote. Jua likiegemea mlima tulikuwa mtoni tukimalizia ils avaient ramassé.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, nikafumba macho, nikatembea shambani. Kwenye mstari wa tano nilikwama. Wenzangu wananiambia hadi leo kwamba mikono yangu ilianza kuchuma hewa, na darasa zima likacheka. Lakini maneno yalikuja. Mwalimu aliliacha jina langu kwenye orodha yake, akasema kavu tu kwamba nikae chini.

Shosho hakuniuliza matokeo, aliyasoma usoni. Tangu siku hiyo mistari ya kahawa ikapata majina kwa ulimi wake: Shave, Tu, Iri, Nu, Vu, na ule wa mtoni, Irisi. Aliwaambia vibarua waanzie Vu, nao wakadhani ni Kikuyu cha zamani. Miaka ikapita. Kifaransa kikanipa kazi, kazi ikanichukua, nami nikawa mtu wa kuja Krismasi na kuondoka kabla chai haijapoa. Sijui ni lini niliacha kuingia shambani. Hilo linanichosha zaidi ya zamu yoyote.

Jumamosi hii niliketi karibu na shosho, nikashika mkono wake. Msumeno ulikuwa umenyamaza.

"Nisomee," akasema.

Nilijua anataka nini. Nikaanza na j'avais ramassé. Yeye akakunja kidole kimoja kwa kila mstari, polepole. Nilipomaliza wa tano, akakishikilia kile cha sita.

"Irisi wameacha?"

Nilitazama nyuma. Baba mdogo alikuwa mlangoni, ameinamisha kichwa.

"Mpaka Jumatatu, Shosho," nilisema.

Hakulia. Akasema nimletee kikapu.

Nikamwongoza kwa mkono kupita juu ya visiki mpaka mtoni. Msimu ulikuwa ukingoni na matunda yalikuwa machache, lakini vidole vyake vililijua lililoiva kwa kuligusa tu. Tulivuna upande huu na upande ule mpaka jua likaegemea mlima. Miguu yangu iliniuma na kila mti nilisema ils avaient ramassé, kwa sauti, kwa sababu nilipojaribu kupumzika aliniita kutoka nyuma ya majani, akisema nikinyamaza hatajua niko mti gani.