Nilishona mfuko mmoja wa jeans kwa miaka miwili, na siku ya wakaguzi nikasema uongo

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo mvua imenifungia dukani hapa Sumbawanga mjini, umeme umekatika, wateja hawaji. Nikasema ngoja nitue mzigo nilioubeba miaka mingi. Sijaongeza chumvi, na penye aibu yangu nimepaacha kama palivyo.

(Kabla hamjaanza: ndiyo, natoka Sumbawanga, na hapana, Dar sikwenda kwa ungo. Nilipanda basi.)

Nilipomaliza form four matokeo yalinikataa, baba akanipeleka kwa Fundi Kalisto pale Majengo nikajifunze kushona.

Wakuu, nikikumbuka baraza lake la kushonea moyo unalainika. Cherehani nne za kukanyaga, redio ya betri, na ile baridi ya Juni ya huku kwetu inayokufanya ushone umejifunga blanketi mabegani.

Ikifika saa nne uji wa ulezi unaletwa, cherehani zote zinanyamaza. Ukijitia kuendelea na kazi, Fundi anakwambia, "Nguo haina miguu. Njoo unywe."

Kuna mzee mmoja Msukuma, mfugaji, alipanda kutoka Kaoze kule bondeni kuja kushonesha kaunda suti ya harusi ya binti yake. Fundi akaniachia kazi yote, toka kukata kitambaa mpaka kifungo cha mwisho.

Siku ya kuichukua aliivaa palepale. Akatembea barazani, akageuka, akatembea tena.

"Kijana," akaniambia, "leo hata ng'ombe wangu watanishangaa."

Wiki nzima nilikuwa nacheka peke yangu barabarani.

Baadaye mitumba ikafurika kila mnada, watu wakaacha kushonesha. Siwalaumu, hata shati nililovaa mimi lilikuwa la mtumba. Fundi akatuambia tulio vijana tutazame mbele, kazi imekwisha.

Ndipo nikaenda Dar. Kulikuwa na kiwanda kinachoshona nguo za kupeleka nje, kinatafuta mafundi. Nikafanyiwa majaribio, nikapita siku hiyohiyo. Nikajua nimeula.

Nikapewa kazi: mfuko wa nyuma wa kushoto wa suruali ya jeans.

Ndiyo hiyo tu. Wa kulia ulikuwa na mtu wake, zipu ina mtu wake, mkanda una mtu wake. Miaka miwili nilishona mifuko ya kushoto. Sikuwahi kumuona hata mtu mmoja akiivaa ile suruali. Jioni nikipenga, kamasi zinatoka bluu kwa vumbi la jeans.

Mfuko wa kulia alikuwa anashona Mama Shufaa, mwanamke wa Tanga, umri wa dada yangu mkubwa. Tulikaa bega kwa bega. Aliniita "Mfipa", na kila Jumatatu aliniletea kipande cha mkate wa kumimina kwenye kitambaa. Kama kuna kitu nakikumbuka kwa mapenzi kutoka mahali pale, ni yule mama na vichekesho vyake vya chinichini, supavaiza akiwa amegeuka.

Maana mengine yalikuwa magumu. Laini yetu ya watu arobaini ilikuwa na kibao kimoja cha ruhusa ya chooni. Anacho mwenzio, unasubiri. Kwa hiyo watu waliacha kunywa maji. Na mlango wa nyuma ulifungwa kwa mnyororo mchana kutwa, eti tusiibe vitambaa. Ukizuka moto, wote tunakimbilia mlango mmoja wa mbele.

Siku moja tukatangaziwa kwamba wakaguzi wa mnunuzi wanakuja kutoka nje. Supavaiza akatukusanya asubuhi.

"Mkiulizwa, kila kitu kiko sawa. Choo mnakwenda mnapotaka. Mlango wa nyuma uko wazi siku zote. Wakiondoka na oda ikaondoka, mtakula nini?"

Wakaja. Mwanamke mmoja mzungu na mkalimani wake, kijana wa Kitanzania mpole. Katika laini nzima wakasimama kwangu.

"Mnaruhusiwa kwenda chooni wakati wowote?" mkalimani akauliza.

"Ndiyo."

"Na mlango ule wa nyuma?"

Supavaiza alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yao, ananitazama.

"Uko wazi," nikasema. "Siku zote."

Yule mzungu akaandika. Walikuwa wanaondoka nikasikia sauti ubavuni kwangu.

"Mwanangu, mwambie mgeni wako akausukume."

Ni Mama Shufaa, anamwambia mkalimani. Hakupaza sauti, wala hakuacha kushona.

Wakaenda. Mgeni akausukuma mlango, mnyororo ukalia. Wakuu, ukumbi ule wa mamia ya cherehani ulinyamaza.

Wiki ile mnyororo ukatolewa. Vibao vya chooni vikaongezwa. Tukaanza kunywa maji.

Ila mkataba wa Mama Shufaa ulipofika mwisho haukuongezwa. Siku yake ya mwisho alipita laini nzima akishika watu mikono. Alipokaribia kwangu nikainama, nikajifanya uzi umekatika. Akasimama kidogo, kisha akapita.

Miezi michache baadaye mnunuzi akahamishia oda nchi nyingine. Laini yetu ikafungwa, tukarudishwa nyumbani. Getini watu walikuwa wanamlaani Mama Shufaa, "mdomo wake umetuponza." Mimi nilikuwa katikati yao. Nilikuwa najua ukweli, nikanyamaza.

Nikarudi kwetu Ufipa. Fundi Kalisto alikuwa amezeeka, macho hayaoni tundu la sindano, akaniachia baraza lake. Mungu amlaze pema. Sasa nina duka langu na mafundi watatu, tunashona sare za shule.

Na hili ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Januari hii sare zilikuwa nyingi, shule zinafunguliwa, wazazi wamejaa mlangoni. Nikawa mkali. Uji wa saa nne nikaufuta. Sikuona ubaya, kazi si imebana?

Siku ya nne fundi wangu mmoja, Leokadia, akasimama mbele ya meza yangu, mikono ameiweka nyuma.

"Fundi, samahani. Naomba ruhusa ya kwenda chooni."

Nilimtazama. Kwenye baraza lile, toka enzi za Kalisto, nani aliwahi kuomba ruhusa ya chooni? Hakuna aliyeweka sheria hiyo. Ilikuja yenyewe, kwa uso wangu tu.

"Nenda, mdogo wangu," nikamwambia. "Na ukirudi, wote tuache kazi, tunywe uji."

Jioni ile nikatafuta namba ya Mama Shufaa kupitia mwenzetu wa zamani. Akapokea.

"Shikamoo, dada. Ni mimi, yule Mfipa."

"Marahaba! Mfuko wa kushoto! Uko hai?"

Nikamweleza yote, uongo wangu, uzi niliojifanya umekatika, kimya changu getini, na uji niliowafutia mafundi wangu. Nikaomba msamaha.

"Niliumia," akasema. "Siwezi kukudanganya. Si kwa wale wakaguzi, ulikuwa unaogopa, na mimi niliogopa. Niliumia uliponinyima mkono."

Nikamwambia tu, "Nisamehe, dada."

"Nimeshakusamehe. Watoto wa watu unaowashonesha, watunze."

Wakuu, wapo wanaosema nguo za viwanda vile zisinunuliwe kabisa. Mimi nilikula kupitia kiwanda kile, na laini yetu ilipofungwa nililala njaa. Hatukutaka kiwanda kifungwe. Tulitaka mlango ufunguliwe. Mnunuzi aliona kilichopo, akachagua kuhama badala ya kukaa na kurekebisha, na lawama akaachiwa mama mmoja aliyesema kweli.

Nilichojifunza ni kwamba ule ukali hauishi Dar wala ng'ambo peke yake. Unaweza kukaa kwenye duka la cherehani nne ukamtumia hata Mfipa aliyeonja uchungu wake.

Waliopita viwandani, mashambani, machimboni, karibuni mseme. Ungekuwa kwenye kiti changu siku ile, ungejibuje?

Na wewe uliyeajiri, hata kama ni mtu mmoja: anakuomba ruhusa ya nini?