Bauma, Mtia Makaa

Siku niliyoanza kazi katika ofisi ya mabaharia ya Matadi, nilikuwa sijaona meli hata moja. Nilizaliwa Masisi, kwenye milima ya maharagwe na ng'ombe, na maji makubwa niliyoyajua yalikuwa ya ziwa, ambalo ng'ambo yake huonekana hewa ikiwa safi. Chuoni nilikuwa nimesomea utunzaji wa nyaraka, na nikaamini kwamba jina lililohifadhiwa vizuri ni haki iliyotendeka. Asubuhi ile nilivaa tai. Mkuu wa Nyaraka, mzee wa Maniema aliyefurahi kupata mtu wa kusema naye Kiswahili, aliitazama tai yangu kwa muda, kisha akanipa kitambaa.

"Kamata hii kwanza," aliniambia. "Hapa kazi inaanza na kupanguza. Muntu mwenye anaogopa vumbi hatafika kwa jina."

Nawaeleza vijana jinsi kazi ile ilivyokuwa. Kila meli iliyotoka bandarini kwenda Ulaya iliacha nakala ya roli, yaani orodha ya watu wote waliopanda kufanya kazi. Iliandikwa jina, mahali pa kuzaliwa na kazi: huyu mpishi, huyu mpaka mafuta wa mitambo, huyu mtia makaa, ambaye alishinda chini kabisa akilisha tanuri kwa sepetu. Safu ya mwisho ilikuwa ya ndugu wa kujulishwa endapo baharia angefariki. Mbali na roli kulikuwa na kitabu cha nahodha, kilichoandikwa safari ikiendelea: dhoruba, magonjwa, vifo. Mkuu alizoea kusema kwamba roli inakuambia nani alipanda, na kitabu cha nahodha kinakuambia nani hakushuka.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata alipohimizwa na wakubwa. "Usiseme 'njo huyu' kwa shahidi moja," alinionya, maana yake 'ndiye huyu', nilipomletea kwa furaha jina la kwanza nililolipata. "Majina inafanana kuliko sura. Tafuta shahidi wa pili."

Baada ya Matadi nilihamishiwa Walikale, nikaandikisha vizazi na vifo chini ya Msimamizi wa Territoire, yaani wilaya. Huko, kati ya wakulima na wawindaji wa msituni, nilijifunza jambo ambalo chuo hakikulitaja: kabla ya kuandika "mtoto wa fulani", uliza mtoto huyo anahesabiwa upande gani. Mahari ya mama yake, ambayo huhesabiwa kwa mbuzi, ikiwa haijakamilika, huenda wajomba ndio wenye mtoto, hata akilala kila siku chini ya paa la baba yake. Msimamizi aliona maswali yangu yanachelewesha foleni. "Wewe unaandikisha mutoto ao unaoa?" aliniuliza mbele ya watu, nao wakacheka. Nilicheka pia, nikaendelea kuuliza.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Masisi, nyumbani. Ndipo alipokuja Mama Furaha, mkulima wa Kibua, upande wa Walikale, akiwa amefunika mabega kwa kitenge chenye vumbi la pikipiki. Alikuwa amesikia kwamba ofisini yumo mtu aliyepata kufanya kazi na vitabu vya meli.

"Papa yangu aliitwa Bauma," alisema. "Alienda kazi ya meli nikiwa mutoto wa mugongoni. Hakurudi. Wandugu wanasema alioa kule kwa Wazungu, akatusahau. Kwetu hawafanye kilio ya muntu mwenye pengine anakula mahali. Miye sitafute feza, Papa. Nataka kujua kama alikufa, nimulilie. Nikitangulia miye, hakuna mwengine wa kumulilia."

Nilimwandikia mwenzangu wa zamani wa Matadi. Majibu yalikawia hata nikaanza kuona aibu Mama alipopiga simu. Hatimaye picha zikaingia kwenye simu yangu. Roli ilikuwa na Bauma mmoja, mtia makaa. Kitabu cha nahodha kilisema kwamba Bauma, mtia makaa, alikufa kwa homa katikati ya safari na mwili wake ukatiwa baharini kwa sala. Lakini mahali pa kuzaliwa paliandikwa Kingi, kijiji cha hapa Masisi, na ndugu wa kujulishwa alikuwa mtu wa Kingi pia. Kibua haikutajwa popote.

Chefu wa ofisi yetu, mwanamke kijana aliyezipenda taratibu kama mimi nilivyozipenda nilipokuwa na umri wake, alisoma na kutikisa kichwa. "Huyu si wake, Papa. Bauma wako wengi mu hii milima. Nikitia muhuri hapa, tunamuzikia Mama muntu wa wengine."

Alisema kweli, na Mkuu wangu wa Matadi angesema vilevile. Hata hivyo nilikumbuka foleni ya Walikale. Nilimwita Mama Furaha, nikamwuliza kwa unyenyekevu kama mahari ya mama yake Bauma ilimalizika.

Akauliza, "Nani alikuambia mambo ya mbuzi?"

"Hakuna, Mama. Ni karatasi tu inanisumbua."

"Walitoa moja. Zingine walisema ziko njiani." Akavuta kitenge. "Mpaka leo ziko njiani. Mama yake alikuwa mwanamuke wa huku Masisi. Kijiji yake hawakunitajia."

Nilimweleza Chefu kwamba mtu wa namna hiyo, akiulizwa na karani ndugu zake ni nani, angewataja wajomba na kijiji chao, na asingekuwa anadanganya. "Basi muende Kingi," alijibu. "Mukirudi na shahidi wa pili, nitatia muhuri kwa mukono yangu."

Kingi tulipokewa na Papa Kitsa, mwana wa yule mjomba aliyeandikwa kwenye roli. Nilipoanza kueleza safari yetu na kutaja jina la Bauma, alinyanyua mkono kunizuia, akamtazama Mama.

"Wewe njo ule mutoto mwanamuke mwenye Bauma aliacha Kibua? Mulichelewa, dada. Nyama ya kilio ilikwisha kitambo."

"Hata mufupa hamukuniwekea?" Mama alijibu. Ni utani wa watoto wa shangazi na mjomba, ambao watoto wao huurithi, na hakuna kinachoufuta, hata msiba. Lakini yeye hakucheka, na Papa Kitsa akaacha kutabasamu.

Alitueleza kwamba barua ya kifo ilifika na kusomwa na katekista. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, walimzikia mgomba, kama ilivyo desturi kwa aliyepotelea mbali. "Tulizani Kibua mulisikia, mukanyamaza kwa sababu ya mambo ya mbuzi," alisema. "Nasi tukanyamaza."

Alitupeleka nyuma ya nyumba. Waliouzika mgomba ule waliuweka mzima, na mizizi yake, nao haukukubali kuoza. Palikuwa na kichaka kizima cha migomba, mizito, yenye kivuli. Mama Furaha alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Basi walikulilia," alisema. "Papa, walikulilia."

Kisha akalia mwenyewe, kwa sauti, kama anavyoliliwa mtu aliyekufa jana. Wanawake wa Kingi walitoka mashambani, wakaketi pamoja naye. Hawakuuliza ni nani. Tulipoondoka, Papa Kitsa alichimba chipukizi moja, akalifunga kwa majani nyuma ya pikipiki.

Chefu alitia muhuri hati ya kifo. Ilikuwa kati ya nyaraka za mwisho nilizoandaa kabla ya kustaafu. Siku ya kuniaga aliniomba neno kwa vijana wa ofisi, nami sikuwa na jipya: pangusa kwanza, tafuta shahidi wa pili, na usione haya kuuliza habari za mbuzi. Bado naamini nilichoamini nikiwa na tai, ila sasa najua kwamba jina lililohifadhiwa ni nusu tu ya haki. Nusu nyingine ni kulifikisha kwa mwenye kulia.

Mvua ziliponyesha, nilimpigia Mama Furaha simu. Kilio kilikuwa kimefanyika Kibua, na ndugu zake wote walikuja, hata wale waliosema Bauma alioa Ulaya. Nilimwuliza habari za mgomba.

"Umeshika, Papa," alisema. "Jana umetoa jani."