Kocha aliyemtoa mdogo wangu tukiwa tunafungwa kule Beni

Wakuu, nawasalimu wote.

Naona mnararuana humu kuhusu makocha wa kupaki basi, matokeo kwanza au burudani kwanza. Nilikuwa nasoma kimya, ila kuna jambo limenirudia. Sitii chumvi.

Kwetu ni Butembo, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Vulamba. Enzi za vita, mji ukiwa mikononi mwa waasi, tulikuwa na timu ya mtaa. Mdogo wangu Kambale alicheza winga wa kulia. Dogo alikuwa na mbio balaa.

Shida ilikuwa kocha. Mwalimu wa shule, mpole, mtu wa sala kabla ya mazoezi. Mpira wake ni pasi fupi, rudisha nyuma, tulia. Ukikimbia sana anakuita pembeni. Tulitoka sare mpaka tukaona aibu.

Jumapili baada ya ibada ubishi kwenye baa ulikuwa mkali. Shemeji yangu Kasereka, muuza mawese, ndiye alikuwa kinara wa kumpinga.

"Motokari iko na moteur, mais ye anaisukuma na mikono," alikuwa akisema, yaani gari lina injini lakini kocha analisukuma kwa mikono. Watu wanacheka, mimi pia nacheka.

Basi tukaalikwa Beni, kucheza na vijana wa Bungulu. Wachezaji na mashabiki tulipanda lori moja. Njiani ni vizuizi vya wanajeshi. Na lazima turudi kabla ya giza.

Kufika uwanjani, wanajeshi wamejaa. Commandant wao amekaa kwenye kiti cha plastiki, pembeni kabisa mwa mstari, upande wa Kambale. Sikupenda, lakini nilijiambia wanajeshi nao wanapenda mpira.

Namba tisa wa Bungulu alikuwa moto. Akatufunga mapema, uwanja ukalipuka.

Kipindi cha pili Kasereka akaanzisha wimbo, sisi tukaitikia: Kambale, kimbia. Dogo akasikia. Akachukua mpira, akawaacha watatu, shuti likagonga mwamba. Nilimwona commandant akiinama kumnong'oneza mlinzi wake.

Hapo hapo kocha akamtoa.

Wakuu, tunafungwa, unamtoa mtu pekee anayetisha? Tena akamwambia aende akalale kwenye lori, chini ya turubai. Kasereka alitaka kumpiga kocha, tukamshika. Namba tisa akaongeza la pili na mchezo ukaisha hivyo.

Kurudi, lori zima lilimtukana kocha. Tulipopita kizuizi cha mwisho ndipo akageuka.

"Ule commandant hapana kuangalia mupira. Alikuwa anaangalia miguu ya batoto. Benye mbio ndio banabebaka."

Yaani wenye mbio ndio waliokuwa wakibebwa kwa nguvu kwenda jeshini.

Kasereka akamuuliza, "Sasa juu ya nini hukutuambia?"

"Ningesema wapi, papa? Kwenye baa yenu?"

Maneno kama hayo kipindi kile, yakifika kwenye sikio baya, umekwisha.

Siku ya soko mama mmoja muuza ndizi kutoka Bungulu akatuletea habari. Namba tisa alichukuliwa jioni ile ile, jezi bado mwilini. Mama yake alikuwa anazunguka kambi hadi kambi, ameshika viatu vya kanisani vya mwanawe. Sijawahi kusikia kama alirudi.

Niliogopa upya, kana kwamba ndiyo kwanza tunapita vile vizuizi. Mimi nilikuwa ninaimba, wakuu. Kambale, kimbia.

Kasereka alipeleka bidoni, dumu zima la mawese, mlangoni kwa kocha, akaiacha pale bila kubisha hodi. Kocha aliendelea na pasi zake za nyuma, na hatukumzomea tena.

Kambale sasa ana watoto wakubwa, anafanya biashara ya Kasindi, mpakani na Uganda. Kila tukikaa kula analeta ubishi ule ule, kwamba kocha alikosea, kwamba angebaki uwanjani angesawazisha.

Anabisha mpaka chakula kinapoa. Mimi namwangalia tu, namwongezea mboga.

Nilichojifunza: kabla hujamtukana kocha, uliza anaona nini ambacho wewe huoni.

Haya, wajuzi wa mifumo, karibuni. Ile mbili bila tuiandike kipigo au ushindi?