Kura ya Usukani

Landrova ya ofisi yetu ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukienda polepole imetulia, wala huwezi kuidhania vibaya. Lakini ikichanganya mwendo, halafu gurudumu la mbele likaangukia kishimo hata kama ni kidogo, usukani unaanza kucheza kushoto kulia, kushoto kulia, mikono inarukaruka, meno yanagongana, mpaka upunguze mwendo karibu na kusimama ndipo unyamaze. Mimi dereva wake nilishazoea. Ambaye hakuzoea ni mzee mmoja fundi cherehani wa Kariakoo, na kwa bahati yangu mbaya huyo ndiye baba wa binti niliyekuwa nimempelekea posa.

Nilimkuta Buguruni anasubiri basi, nikajipendekeza.

"Shikamoo mzee. Panda nikusogeze."

"Marahaba baba," akasema, akapanda mbele. Hiyo "baba" iliniingia kichwani. Nikakanyaga mafuta nimwonyeshe udereva, kishimo kikatupokea, usukani ukaanza mambo yake. Mzee hakuutazama usukani. Alitazama mikono yangu. Kisha akanisogelea, akaninusa. Wallahi, alininusa mdomo!

Jioni mshenga akaniletea jibu: mzee hamwozi binti yake kwa mlevi wa gongo ambaye mikono inamtetemeka mchana kweupe. Mimi! Mimi ambaye tone la pombe halijapata kupita kooni mwangu! Nilitaka nimfuate huko huko barazani kwake, mshenga akanishika shati.

"Tulia wewe, usije ukaharibu zaidi. Tengeneza gari, kisha umpakie tena. Mimi nitambembeleza akubali. Lakini likitetemeka tena, yule binti msahau."

Nikaipeleka landrova mtaa wa Gerezani, kwenye gereji ya ushirika wa mafundi. Miaka ile ya Ujamaa kila kitu kilikuwa ushirika, na ushirika maana yake kikao. Pale hata chai ya saa nne haikuchemshwa bila kikao. Mwenyekiti wao, mtu mnene mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, akawaita mafundi wakakaa juu ya matairi mabovu.

"Ndugu wajumbe, mgonjwa wetu anatetemeka usukani. Toeni mawazo."

Fundi wa matairi akasema ni matairi. Fundi wa springi akasema ni springi. Mchomeleaji akasema chesisi ina ufa, na hakuwa hata ameinama kuitazama. Kila mmoja alipigania kile anachokijua kutengeneza. Nikanyoosha mkono nikauliza kwa nini tusiliinue gari kwa jeki, tukatikisa gurudumu, tukaona linalegea wapi. Mwenyekiti akaniambia kwa upole kwamba mimi si mwanachama.

"Mwanachama kitu gani? Mimi nakosa mke hapa!" nikafoka, na kwa hasira nikawamwagia habari yote, posa, lifti, mpaka kunuswa. Wakanipa pole kwa kauli moja. Kisha wakapiga kura, matairi yakashinda.

Basi matairi ya mbele yakaenda nyuma, ya nyuma yakaja mbele. Wakalijaribu gari kwa kuzunguka uwanja wa gereji, mwendo wa kobe, likatulia, wakapiga makofi. Na mimi mjinga nikapiga nao.

Mzee nilimpitia barazani kwake. Alivaa kanzu na kofia, akakaa wima, macho kwenye mikono yangu. Barabara ya Pugu nikachanganya mwendo nikijidai, tukaingia kwenye kishimo. Lahaula! Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

"Lete hapa, mlevi we!" mzee akapiga kelele, akaudaka usukani kwa mikono yake miwili autulize. Usukani ukamchukua. Kofia ikatoka dirishani, miwani ikashuka mdomoni, na shahada akawa anaitoa vipande vipande. Nikapunguza mwendo, nikasimamisha pembeni. Mzee alihema kwanza. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza juu chini.

"Kumbe ni gari," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Nani alikutengenezea?"

"Ushirika."

"Nipeleke."

Aliingia gerejini kichwa wazi, amevimba kwa hasira. "Nani alipigia kura matairi?" Hakuna mkono ulioinuka. Mwenyekiti akatangaza kwamba kikao cha dharura kimefunguliwa.

"Kikao, na mimi nusura nife? Inueni gari!"

Wakaliinua. Fundi wa matairi mwenyewe akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa, likagonga ko, ko, ko. Kingipini, ile pini ambayo gurudumu hugeukia likikata kona, ilikuwa imelegea. Spea wakati ule ulikuwa huipati hata ukilia, lakini kwenye pini palikuwa na vibati vyembamba vya kujazia nafasi. Wakapunguza kimoja, wakakaza. Tukarudi Barabara ya Pugu, mzee kando yangu, mwenyekiti nyuma. Nikakitafuta kishimo kwa makusudi, nikakipiga. Usukani kimya. Tukarudi Gerezani.

Mwenyekiti, kwa kuwa kikao cha dharura kilikuwa hakijafungwa, akafika kwenye mengineyo.

"Ndugu wajumbe, liko suala la dereva wetu. Wanaoafiki aozwe?"

Mikono yote juu, na mingine imeshika spana.

"Astaghfirullah!" mzee akaruka. "Mwanangu ni tairi? Napinga!"

Mwenyekiti akamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba yeye si mwanachama.

Nilijua yamekwisha. Nikasema moyoni, nimepoteza mke kwa ajili ya watu hawa na midomo yao. Mzee akatazama ile mikono ya grisi ambayo hakuna aliyeishusha. Akanitazama na mimi, muda mrefu, na safari hii alinitazama usoni. Halafu mkono wake ukapanda taratibu mpaka usawa wa sikio.

"Andikeni," akasema, "na mgeni mmoja."

Nikafungua boneti ya landrova haraka haraka, nikaingiza kichwa humo nijifanye nakagua injini, maana machozi yalikuwa yananitoka mbele za watu.